Je, Wajua? Hela, Hamsa Ishirini na Vita vya Nyanda za Juu

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, ukishapita Ilula, pale wauza nyanya na vitunguu wanapokimbilia madirishani na ndoo zao, abiria wengi hurudi usingizini. Ndiyo maana wachache huiona nguzo ya Lugalo. Imesimama kando ya barabara kabla hujafika mjini Iringa, haina mbwembwe, na ukiwa upande wa pili wa basi ndio basi tena. Mimi mwenyewe nilipita pale miaka mingi nikidhani ni alama ya wapima ardhi.

Nguzo hiyo iliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao waliouawa hapo. Walioshinda siku ile hawakujenga nguzo yoyote. Tuanzie hapo basi, kisha tufuate njia ya vita vile, ambayo inapita kwenye mifuko yetu, kwenye geti la kambi ya jeshi na hadi kisiwa kimoja cha Karibea.

Je, wajua kwamba aliyekufa Lugalo ndiye aliyewasha moto wa Pangani?

Anaitwa Emil von Zelewski. Agosti 1888 alikuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani mjini Pangani, na ubabe wake wa kutaka bendera ya kampuni ipande na liwali wa Sultani ajue mkubwa ni nani ndio uliowainua watu wa mwambao nyuma ya Abushiri bin Salim. Waswahili walimpa jina la Nyundo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Nyundo akapanda cheo, akawa kamanda wa jeshi zima la Wajerumani katika nchi hii.

Hapa kuna jambo la kushika, kwa sababu litaturudia. Mwanzoni mwa 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 za kumzima Abushiri, na sababu waliyotajiwa wabunge ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Jeshi liliingia nchini kwa jina la kuwafungua watu.

Mwaka 1891 Nyundo akapanda bara kwenda kumtia adabu mfalme wa Wahehe, Mkwavinyika mtoto wa Munyigumba, ambaye sisi tunamwita Mkwawa. Tarehe 17 Agosti msafara wake ulikuwa unapita Lugalo kwa mstari mrefu: askari, wapagazi, punda, mizinga imefungwa mizigoni. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala majanini na nyuma ya mawe, chini ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege mkubwa akamfyatulia risasi, na Wahehe, waliokuwa wanasubiri mlio wa bunduki kama ishara, wakainuka wote kwa mara moja. Askari wengi hawakuwahi kufyatua hata risasi ya pili. Wakafa Wazungu 10 na askari zaidi ya 200, pamoja na wapagazi wengi. Nyundo aliuawa kwa mkuki na kijana ambaye masimulizi yanampa umri wa miaka 16 tu. Mkwawa alimzawadia ng'ombe watatu.

Wahehe waliondoka na bunduki kama 300 na mizinga 3. Mizinga hiyo haikuwafaa, kwani hakuna aliyejua kuitumia.

Je, wajua kwamba kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam ilikuwa na jina la vita vya Ethiopia?

Mwingereza aliiita Colito, kwa kumbukumbu ya pigano ambalo askari wake wa Afrika Mashariki walishinda kusini mwa Ethiopia katika Vita Kuu ya Pili. Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalianzia hapo. Baada ya maasi, jeshi likaundwa upya na kambi ikapewa jina la porini Iringa. Leo mtu anakwambia "nashuka Lugalo" akimaanisha hospitali na kituo cha daladala, na kondakta anaita bila kuwaza mkuki wala punda.

Je, wajua "Bwana Sakarani" alizaliwa wapi?

Ofisa aliyemwinda Mkwawa mpaka mwisho, Tom Prince, aliitwa Bwana Sakarani, kwa maana ya mlevi. Watu waliona anapigana kama aliyelewa. Wengi hudhani alikuwa Mjerumani wa Ujerumani. Alizaliwa 1866 kisiwani Mauritius, baba Mwingereza, mama Mjerumani, katika koloni la mashamba ya miwa ambalo watumwa wake waliachiwa huru 1835. Baada ya kazi yake ya Iringa alihamia Usambara akawa mlowezi, na akafa vitani Tanga, Novemba 1914, akipigana na jeshi la nchi ya baba yake. Shamba lake bado lipo karibu na Soni, na bado linaitwa Sakarani. Watawa Wabenediktini wanatengeneza divai hapo. Mlevi kapata jirani zake.

Je, wajua neno "Iringa" ni la ukuta?

Kwa Kihehe lilinga ni ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kilomita chache kutoka mjini: ukuta mrefu wa mawe na udongo ambao Mkwawa aliujenga kwa miaka kadhaa, akiamini hakuna atakayeuvuka. Gavana von Schele aliufikia Oktoba 1894 na mizinga, na tarehe 30 Kalenga ikaanguka. Prince alipoanzisha kituo kipya 1896 akachukua jina la ngome aliyoibomoa. Kwa hiyo tukisema "naenda Iringa" tunasema tunakwenda ngomeni.

Mpangile, yule shujaa wa Lugalo, alijisalimisha. Wajerumani wakamtawaza awe sultani badala ya ndugu yake mwishoni mwa 1896. Hazikupita siku sitini wakamnyonga, kwa kumshuku kwamba usiku anawasiliana na Mkwawa. Sijaona cheo kilichodumu muda mfupi kuliko hicho katika historia ya nyanda za juu.

Je, wajua nani aliasi 1905, na nani hakuasi?

Hapa ndipo vitabu vya shule vinapita mbio, na hapa ndipo ningependa tukae.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya serikali shambani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa ile dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, alinyongwa Agosti hiyo hiyo. Dawa yake ikaendelea kutembea bila yeye. Septemba ilikuwa imeshapanda milima.

Ukimuuliza mtu yeyote nani wa nyanda za juu angeipokea kwanza, atasema Wahehe. Ndio waliompiga Mjerumani Lugalo. Ndio waliomficha mfalme wao msituni miaka minne, kijiji hadi kijiji, huku kichwa chake kikiwa na bei ya rupia 5,000. Walioinuka walikuwa Wabena na Wapangwa. Mtwa Mbeyela wa Ubena aliwapeleka watu wake kuivamia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, tarehe 19 Septemba 1905. Mmisionari Gröschel na waumini waliokuwa ndani wakajibu kwa bunduki kwa saa kadhaa, washambuliaji wakarudi nyuma. (Njombe, kwa kumbukumbu ya vijana, ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa mpaka 2012. Kwa hiyo ukisoma ripoti ya zamani inayosema Iringa, usifikiri ni Uhehe peke yake.)

Wabena walikuwa na sababu gani? Pamba si jibu. Kwa baridi ile ya Njombe pamba ingeota wapi? Jibu ni yale mengine yote. Kulikuwa na kodi, iliyoanza 1898 kwa kila nyumba, rupia 3, na mwaka 1905 ikageuzwa kuwa ya kichwa cha kila mwanamume mzima. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa mgongo: kulima barabara, kujenga boma, kubeba mizigo ya msafara hadi mahali asipopajua. Na aliyechelewa alikutana na kiboko.

Kiboko kilikuwa na hesabu yake. Watu wa zamani walimjua Mjerumani kwa jina la hesabu hiyo: hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Mtu alilazwa kifudifudi mbele ya boma, mwingine akashika mikono, mwingine miguu, na askari akapiga huku anahesabu kwa sauti. Bibi na babu waliotumia maneno haya kutishia watoto watukutu, "leo utakula hamsa ishirini", walikuwa wanarudia hukumu ya mahakama bila kujua.

Wahehe nao? Kapteni Nigmann, mkuu wa boma la Iringa, aliondoka Septemba hiyo kwenda kuikomboa Mahenge iliyozingirwa na Wambunga na Wapogoro, na nyuma ya askari wake walikwenda rugaruga wa Kihehe kwa mamia. Watoto wa Lugalo walipigana upande wa boma. Wasangu wa Merere hali kadhalika hawakuasi. Hao walikuwa wamefukuzwa Usangu na Wahehe wenyewe enzi za Munyigumba na Mkwawa, wakajichimbia Utengule kule Usafwa, pale jirani na Mbalizi ya leo, hadi Prince alipowarudisha kwao. Mjerumani kwao alikuwa mgeni aliyewarudishia nyumba.

Kuna wanaoona aibu jambo hili na hulipitia kimya kimya. Mimi naona linaeleweka. Mhehe wa 1905 alikuwa ameshaona bunduki ya mtambo ikifanya kazi, ameshaona ghala likichomwa mara ya tatu, na ameshamzika kaka. Mtu aliyefika kwake na chupa ya maji alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Na zaidi ya hapo, waliokuwa wanaasi safari hii walikuwa majirani waliowahi kuvamiwa na Wahehe, si ndugu.

Mbeyela aliuawa 1906. Wajerumani walikuwa wameshagundua kwamba kuchoma chakula kunatosha, na askari wakamaliza vita kwa kiberiti: wakachoma mashamba, wakachukua nafaka, wakazuia watu wasipande. Hesabu za serikali ya Kijerumani zilikuwa ndogo. Wanahistoria waliochimba baadaye wanataja watu 250,000 hadi 300,000 kwa nchi nzima, wengi wao kwa njaa. Huko Songea, tarehe 27 Februari kila mwaka watu huwakumbuka walionyongwa 1906, na hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023.

Je, wajua utumwa ulikuwa bado halali?

Lile jeshi lililopewa marki milioni 2 ili kukomesha utumwa halikuukomesha. Chini ya Mjerumani mtumwa aliweza kujinunua na kupewa hati ya uhuru, na makumi ya maelfu ya hati hizo zilitolewa, lakini utumwa wenyewe ulibaki katika sheria. Ilichofanya serikali ni kutangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru.

Itazame tena tarehe hiyo. Ni katikati ya Maji Maji. Mtoto aliyezaliwa jioni ya siku hiyo alizaliwa mali ya mtu. Mdogo wake wa alfajiri iliyofuata alizaliwa huru, katika nchi ambayo vijiji vilikuwa vinaungua na baba zao wanasombwa kwenda kubeba mizigo ya askari. Utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922, na Mwingereza. Zanzibar ulikuwa umefutwa 1897, Kenya 1907. Sisi tuliachwa nyuma.

Je, wajua unaposema "sina hela" unasema Kijerumani?

Hadi 1904 rupia ya Wajerumani hapa ilikuwa na pesa 64. Mwaka huo wakabadilisha: rupia moja, heller mia. Heller ni sarafu ndogo ya shaba ya kwao. Ndimi zetu zikaongeza irabu pale inapostahili, ikawa hela. Mwaka uliofuata hiyo hela ndogo ndiyo watu walitakiwa kuitafuta ili waijazie rupia za kodi. Utawala ule uliondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, sarafu zake zikageuka pambo la makumbusho, neno likabaki sokoni. Kenya wanasema pesa na chapaa. Ukimsikia mtu anasema hela, kuna uwezekano mkubwa ametoka upande wetu.

Je, wajua kuhusu shemasi wa Jamaika aliyekwenda kumwona gavana kwa miguu?

Hili liko mbali na Iringa kwa bahari mbili, lakini subiri.

Jamaika watumwa waliachiwa huru 1834, na uhuru kamili ukaja 1838. Miaka 27 baadaye kisiwa chenye watu zaidi ya 400,000 kilikuwa na wapiga kura wapatao 2,000. Ardhi ilikuwa ya wenye mashamba ya miwa, hata ile waliyoitelekeza. Mahakimu walikuwa wenye mashamba hao hao. Agosti 1865 Paul Bogle, shemasi wa Kibaptisti wa kijiji cha Stony Gut, aliongoza watu wake kwa miguu karibu kilomita 70 hadi mji mkuu kupeleka malalamiko yao. Gavana Edward Eyre akakataa kuwaona.

Oktoba mtu mmoja akashtakiwa kwa kuingia kwenye shamba lililotelekezwa. Zikazuka vurugu mahakamani, ikatolewa hati ya kumkamata Bogle, na tarehe 11 akashuka na mamia ya watu hadi mahakama ya Morant Bay. Mgambo wakafyatua risasi, wakaua 7. Umati ukaichoma mahakama na kuua watu 18, akiwemo mkuu wa wilaya, ambaye, ajabu ya Mungu, alikuwa baroni wa Kijerumani aitwaye von Ketelhodt. Eyre akatangaza sheria ya kijeshi. Wakauawa watu 439, wakachapwa viboko watu 600, wanawake wakiwemo, na viboko vingine vilisukwa na waya. Nyumba 1,000 zilichomwa moto. Bogle alinyongwa tarehe 24, siku moja baada ya George William Gordon, mbunge ambaye hata hakuwepo Morant Bay.

Sasa sababu ya kukuvusha bahari. Unajua nani alimkamata Bogle? Walikuwa Wamaruni, wajukuu wa watumwa waliotoroka wakaingia milimani, wakampiga Mwingereza hadi akatia saini mkataba nao mwaka 1739. Hakuna watu walioogopwa Jamaika kuliko hao. Lakini mkataba ule uliwafunga kurudisha watoro na kusaidia kuzima maasi, na 1865 wakashuka milimani kutimiza ahadi ya babu zao.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliona rugaruga wa Kihehe wakiteremka kwenda Mahenge.

Je, wajua kwamba kuna Mbaptisti mwingine, ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu?

Mbeya mjini bado haikuwepo. Ilikuja kuanzishwa 1927, enzi za dhahabu ya Lupa. Lakini Januari 1915, upande wa Nyasa wa Mwingereza, mchungaji wa Kibaptisti John Chilembwe, aliyesomea Virginia huko Marekani, aliinua watu dhidi ya shamba la Magomero. Kilio chao kilikuwa thangata, yaani kumfanyia kazi mwenye shamba ili uruhusiwe kukaa kwenye ardhi uliyozaliwa. Aliandika barua kuomba msaada kwa Wajerumani na kumpa mjumbe aliyeipeleka Tunduru. Fikiria: miaka 9 baada ya Maji Maji, aliyeonewa na Mwingereza anamwandikia aliyewachoma Wangoni. Aliuawa mwanzoni mwa Februari, kabla jibu halijamfikia.

Je, wajua fuvu na msahafu viliwekwa katika kifungu kimoja?

Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, akiwa amebaki na kijana mmoja tu. Sajenti Merkl, aliyekuwa anafuata nyayo, alisikia mlio. Akakuta miili miwili kando ya moto, akaipiga risasi ya kichwa kwa hakika ya moyo, kabla ya kugundua kwamba mwili umeshapoa. Kichwa kikakatwa, baadaye kikapelekwa Ujerumani. (Mwamba wa Mlambalasi ulikuwa makaburi tangu zamani mno: wataalamu wa mambo ya kale wamefukua hapo mifupa ya watu wa Zama za Mawe.)

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, washindi wakaandika Mkataba wa Versailles, 1919. Kifungu cha 246 kinaiamuru Ujerumani, ndani ya miezi 6, irudishe vitu viwili: msahafu wa Khalifa Uthman kwa mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Katika mkataba uliogawa Ulaya upya, kati ya makaa ya mawe na meli za kivita, limo fuvu la mtu wa Kalenga.

Miezi 6 ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe Bremen mwaka 1953, kwenye makumbusho yenye mafuvu kama 2,000, ambapo 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Walipimaje? Walichukua vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, wakatafuta fuvu linalokaribia, na wakapata moja lenye tundu la risasi. Twining akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Lipo pale hadi leo ndani ya kioo. Kama ndilo lenyewe? Vipimo vile leo visingemridhisha daktari wa wilaya, lakini Wahehe walilipokea na kulizika katika mioyo yao, na mimi si mtu wa kwenda kubishana na wenye msiba.

Adam Sapi huyo ndiye Spika wa Bunge aliyekaa kitini muda mrefu kuliko wote nchini: 1962 hadi 1973, kisha 1975 hadi 1994. Wabunge walioinuka kusema "Mheshimiwa Spika" walikuwa wanamwambia mjukuu wa aliyekatwa kichwa.

Je, wajua "manamba" ni nani?

Vita vilikwisha, kodi haikwisha. Chini ya Mwingereza, Ubena, Ungoni na nchi za jirani zikawa ghala la vibarua. Hakukuwa na zao la kuuza wala reli, kwa hiyo kijana alitafuta hela ya kodi mahali pekee ilipokuwa: mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Alisajiliwa, akavishwa namba, akapakiwa kwenye lori. Akasahaulika jina, ikabaki namba, na wote kwa pamoja wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, na kwa wazee wa Njombe neno hilo bado lina harufu ya lori, vumbi na blanketi la bure.

Mmoja wa waliochunguza maisha ya manamba alikuwa mgeni kutoka Karibea. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaondoka kwenda Jamaika, na Oktoba 1968 serikali ya huko ikamkataza kurudi kazini. Wanafunzi na watu wa mitaani wakaingia barabarani Kingston kwa hasira. Mwaka uliofuata akarudi Dar. Miaka hiyo hiyo wanafunzi wa chuo chake walikuwa wanatumwa vijijini kwao na madaftari, kwenda kuwahoji wazee waliokuwa bado hai kuhusu Maji Maji, na Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, 1969.

Rodney aliandika Dar es Salaam kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitoka 1972 kwa wachapishaji wawili pamoja. Wa kwanza ni Tanzania Publishing House. Wa pili alikuwa London, kampuni ndogo ya familia ya Huntley kutoka Guyana, na jina lake lilichapwa pale kwenye ukurasa wa mbele: Bogle-L'Ouverture. L'Ouverture ni yule jemadari wa Haiti. Bogle ni shemasi wa Stony Gut.